Wahakiki wa New York: Kura Yao na Dhamiri Yetu

Mara nyingi tumesoma kwenye matangazo ya sinema maneno haya: « Hii ndiyo filamu bora ya mwaka ». Yameandikwa kwa herufi kubwa, na apitaye hujiambia moyoni: Kama ni bora, basi nasi twende tukaitazame. Lakini siku moja darasani mwanafunzi mmoja alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu upesi: « Mwalimu, ni nani aliyesema kwamba ni bora? Na yeye alipewa na nani haki ya kusema hivyo? »

Swali hilo ni la maana. Wazee walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye biashara ye yote huisifu mali yake, na mwenye filamu hali kadhalika. Kwa hiyo sifa za tangazo hazitoshi. Yafaa tutafute mashahidi wasiopata faida katika mauzo. Leo tunataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za mashahidi wa namna hiyo, yaani wahakiki wa sinema wa mji wa New York, ambao kila mwaka hupiga kura na kutoa tuzo. Tutaeleza pia jinsi tuzo yao moja ilivyowagombanisha na Wakatoliki wengi wa mji ule, na somo gani laweza kutufaa sisi katika nyumba zetu.

Kwanza tujue mhakiki ni nani. Ni mtu ambaye kazi yake ni kutazama filamu, kuipima, na kuwaandikia wasomaji wa gazeti lake aliyoyaona. Yeye hakuitengeneza filamu ile, wala hauzi tikiti zake. Mshahara wake hutoka gazetini. Kwa hiyo aweza kusema wazi: hii ni nzuri, ile ni ovyo, nyingine ina mwanzo mwema na mwisho mbaya.

Mwaka 1935 wahakiki wa magazeti ya New York waliungana wakaanzisha chama, kiitwacho New York Film Critics Circle. Katika waanzilishi alikuwamo mwanamke, Bibi Wanda Hale wa gazeti la Daily News. Tangu wakati ule, mwaka unapokaribia kwisha hupiga kura na kuchagua filamu bora, mwongozaji bora, na wachezaji bora, mwanamume na mwanamke. Mwaka mpya ukianza hufanya sherehe, na washindi huja kupokea heshima yao. Si mfuko wa fedha wanaoupokea, bali ni neno la watu wanaojua kazi yao.

Pengine msomaji atauliza: Je, hiyo siyo ile tuzo ya Oscar? La, siyo hiyo. Oscar, iliyoanza kutolewa mwaka 1929, hupigiwa kura na watu wa sinema wenyewe: waongozaji, wachezaji, wapiga picha na mafundi wengine. Ni kama maseremala wanaomchagua seremala bora miongoni mwao. Wahakiki wako kama watu wanaoketi juu ya viti. Hawakushika randa wala msumeno, lakini wanajua ni kiti kipi kinachoyumba.

Tofauti hiyo ilionekana tangu mwaka wa kwanza. Kwa mwaka 1935 Oscar ya filamu bora ilipewa Mutiny on the Bounty, habari ya mabaharia walioasi. Wahakiki wakachagua The Informer, iliyoongozwa na John Ford. Hiyo ni habari ya maskini mmoja wa Ireland aliyemsaliti rafiki yake kwa paundi 20, akitumaini kupata nauli ya kwenda Marekani. Fedha ile ikamwunguza mkononi kama vipande vya Yuda. Mwishowe, akiwa karibu kufa, aliingia kanisani, akamkuta mama wa yule rafiki aliyeuawa, akamwomba msamaha, na mama akamsamehe. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza waliyoitukuza.

Lakini tusidhani kwamba kura yao ni maandiko matakatifu. Kwa mwaka 1939 walibishana sana. Wengine walishikilia Gone with the Wind, wengine Mr. Smith Goes to Washington, na kura ikarudiwa tena na tena bila upande mmoja kukubali kushindwa. Mwishowe wakapatana juu ya filamu ya tatu, Wuthering Heights. Basi tunajifunza kwamba neno « bora » mara nyingine si hukumu, bali ni mapatano ya watu waliochoka kubishana.

Mwaka 1941 walionyesha ushujaa. Kijana Orson Welles, mwenye umri wa miaka 26, alitoa filamu yake Citizen Kane, habari ya tajiri mwenye magazeti aliyepata kila kitu duniani akakosa upendo. Watu wengi waliona kwamba tajiri huyo anafanana na William Randolph Hearst, mwenye magazeti mengi Marekani, na magazeti ya Hearst yakakataa kuitangaza. Hata hivyo wahakiki wa New York waliichagua kuwa filamu bora ya mwaka ule. Oscar ya filamu bora ilikwenda kwingine, kwa How Green Was My Valley. Leo watu wengi duniani wanaihesabu Citizen Kane miongoni mwa filamu kubwa kuliko zote.

Tena kuna jambo moja la ajabu. Kwa mwaka 1962 hawakutoa tuzo yo yote. Kwa nini? Kwa sababu wafanyakazi wa magazeti ya New York waligoma tangu Desemba 1962 hata mwisho wa Machi 1963, siku 114, na magazeti hayakutoka. Basi heshima ya mhakiki hutegemea gazeti na wasomaji wake. Bila wasomaji, sauti yake haifiki mbali.

Sasa tuje kwenye upande wa pili. Miaka ile ile ambapo wahakiki walianza kupima filamu kwa ufundi, Wakatoliki wa Marekani nao walianza kuzipima kwa adabu. Mwaka 1934, yaani mwaka mmoja tu kabla ya chama cha wahakiki, chama kilichoitwa Legion of Decency, ndiyo Jeshi la Adabu, kilienea katika parokia nyingi. Wakristu waliapa kwamba hawatakwenda kutazama filamu zinazoharibu mwenendo mwema. Chama kilizipanga filamu kwa herufi: A kwa zile zisizo na hatari, B kwa zile zenye sehemu mbaya, na C kwa zile zilizokatazwa kabisa. Tarehe 29 Juni 1936 Baba Mtakatifu Pio XI aliandika barua iitwayo Vigilanti Cura, akaisifu kazi hiyo na kuwakumbusha Maaskofu kwamba sinema ni mwalimu mwenye nguvu, awezaye kujenga au kubomoa.

Hivyo New York ilikuwa na mizani miwili. Mmoja uliuliza: Je, kazi hii imefanywa vizuri? Mwingine uliuliza: Je, kazi hii itamdhuru mtazamaji? Maswali yote mawili ni ya haki, wala hayafanani. Nguo yaweza kushonwa kwa ufundi na bado isifae kuvaliwa kanisani; nyingine yafaa kwa heshima, lakini mshono wake ni wa ovyo.

Mara nyingi mizani hiyo miwili ilikubaliana. Baada ya vita vya pili vya dunia, filamu za Italia zilifika New York. Zilipigwa barabarani na katika nyumba za maskini, na katika nyingine wachezaji wengi walikuwa watu wa kawaida. Kwa mwaka 1946 wahakiki walichagua kuwa filamu bora ya kigeni Roma città aperta ya Roberto Rossellini. Ndani yake tunamwona Padre Pietro, aliyechezwa na Aldo Fabrizi, akiwasaidia waliosakwa na Wajerumani, na mwisho akipigwa risasi huku watoto wa parokia yake wakitazama kutoka ng'ambo ya ua. Mfano wake ulichukuliwa kwa mapadre wa kweli, Pietro Pappagallo na Giuseppe Morosini, waliouawa Roma mwaka 1944.

Kwa mwaka 1947 jambo zuri zaidi lilitokea. Filamu ya kigeni waliyoichagua wahakiki ilikuwa Vivere in pace, yaani « Kuishi kwa amani », ya Luigi Zampa. Aldo Fabrizi alicheza humo mkulima mwema anayeruhusu askari wawili wa Marekani wafichwe nyumbani kwake, mmoja mweupe na mmoja mweusi, na mwishowe anakufa kwa risasi. Mwaka ule ule wa 1947, katika maonyesho ya filamu ya Brussels, shirika la Kikatoliki la sinema liitwalo OCIC, lililoanzishwa mwaka 1928, lilitoa tuzo lake la kwanza, nalo likaipa filamu hiyo hiyo. Wahakiki wa magazeti na waamuzi wa Kikatoliki, kila upande kwa mizani yake, walifika mlango mmoja. Na yule askari mweusi alichezwa na John Kitzmiller, Mmarekani mwenye asili ya Afrika, ambaye mwaka 1957 alipata huko Cannes tuzo la mchezaji bora, mtu mweusi wa kwanza kulipata.

Kwa mwaka 1948 walichagua Paisà ya Rossellini. Kwa mwaka 1949 Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, habari ya baba maskini aliyeibiwa baiskeli yake, na bila baiskeli hana kazi. Ye yote aliyewahi kumwona baba akitembea na mwanawe kutafuta chombo cha riziki ataielewa bila mkalimani.

Ndipo ukaja mwaka 1950, na mizani ikagombana.

Tarehe 12 Desemba 1950 nyumba ya sinema iitwayo Paris, mjini New York, ilianza kuonyesha filamu tatu fupi zilizounganishwa kwa jina la Ways of Love. Moja ilikuwa Il miracolo, « Muujiza », ya Rossellini yule yule. Yasimulia habari ya mwanamke maskini mchunga mbuzi, asiye na akili timamu, aliyechezwa na Anna Magnani. Anakutana njiani na mgeni, anamdhani kuwa Mtakatifu Yosefu, na mgeni anamlevya kwa mvinyo na kumdhulumu. Anapoona kwamba ana mimba, anaamini kuwa ni muujiza wa Mungu. Watu wa kijiji wanamcheka na kumfukuza, naye anapanda mlimani, na kuzaa peke yake katika jengo la kanisa.

Wakristu wengi walichukizwa. Waliona kwamba fumbo la Bikira Maria limefanyiwa mzaha. Jeshi la Adabu likaikataza filamu. Mkubwa wa vibali mjini akaamuru isionyeshwe, lakini mahakama ikamzuia. Wakati huo huo, mwisho wa Desemba, wahakiki walikutana, wakapiga kura, wakaichagua Ways of Love kuwa filamu bora ya kigeni ya mwaka 1950. Tarehe 7 Januari 1951 tamko la Kardinali Francis Spellman, Askofu Mkuu wa New York, lilisomwa wakati wa Misa: Wakatoliki waiepuke filamu hiyo. Watu wakasimama mbele ya nyumba ya sinema na mabango. Vitisho vya bomu vikaletwa, na watazamaji wakatolewa nje. Sherehe ya wahakiki ilikuwa imepangwa kufanyika katika ukumbi mkubwa wa Radio City Music Hall. Wenye ukumbi wakaogopa kususiwa, na sherehe ikahamishiwa mahali pengine.

Rossellini mwenyewe alimpelekea Kardinali simu akijitetea kwamba hakutaka kukufuru, bali kuonyesha jinsi watu wanavyokosa huruma wanapomwacha Mungu. Gazeti la Vatikano lilikuwa limeandika habari za filamu hiyo likitaja mashaka ya dini, lakini pia likikiri kwamba ina uzuri. Na huko Marekani Wakatoliki hawakuwa na neno moja. William Clancy, mwalimu wa chuo kikuu cha Notre Dame, aliandika katika gazeti la Commonweal, linaloendeshwa na walei Wakatoliki, akisikitika kwamba ndugu zake walitumia nguvu na makelele mahali palipohitaji hoja.

Tarehe 16 Februari 1951 baraza la jimbo la New York lilifuta kibali cha filamu kwa kuwa ni ya kukufuru. Mwenye haki ya kuionyesha, Bwana Joseph Burstyn, hakukubali. Alipeleka shauri lake mbele hata likafika Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 26 Mei 1952 mahakimu wote tisa walikubaliana: serikali haina haki ya kuizuia filamu kwa sababu tu imeitwa ya kukufuru. Tangu mwaka 1915 mahakama hiyo ilikuwa imeihesabu sinema kuwa biashara tu. Sasa ilisema kwamba filamu ni njia ya kutoa mawazo, kama gazeti na kitabu, nayo yalindwa na sheria.

Nasi tusemeje? Tukimlaumu Kardinali kwa kuwaonya waumini wake, tutakosa haki: mchungaji anayeona hatari akanyamaza si mchungaji. Tukiwalaumu wahakiki kwa kusema kwamba kazi imefanywa kwa ufundi, hapo pia tutakosa haki: shahidi anayeulizwa habari za mshono hawezi kujibu kwa uwongo. Kosa, kwa maoni yetu, liliingia pale ambapo onyo kwa waumini lilitaka kugeuka kuwa kufuli kwa watu wote, na pale ambapo vitisho vilichukua nafasi ya maneno. Imani haikingwi kwa bomu wala kwa kumtia hofu mwenye ukumbi.

Miaka iliyofuata ilisaidia kuyatuliza mambo. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa hati Inter Mirifica juu ya vyombo vya mawasiliano. Mtaguso ulifundisha kwamba mtazamaji ana wajibu wa kuchagua, wa kutafuta mapema maoni ya wenye ujuzi na mamlaka, na kuyafuata kwa dhamiri njema. Tena ulisema kwamba filamu njema ziungwe mkono kwa sifa za wahakiki na kwa tuzo. Basi kura za wahakiki si jambo geni kwa Kanisa. Mtaguso wenyewe uliona faida yake.

Na mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zinazostahili kukumbukwa kwa dini, kwa utu au kwa ufundi. Tuilinganishe na kura za New York. Roma città aperta imo. Ladri di biciclette imo. Citizen Kane imo. Imo pia La Grande Illusion, waliyoitukuza kwa mwaka 1938. On the Waterfront, ya mwaka 1954. A Man for All Seasons, habari ya Mtakatifu Thomas More, ya mwaka 1966. Gandhi, ya mwaka 1982. Na Schindler's List, ya mwaka 1993. Zote hizo wahakiki walikuwa wamezichagua. Il miracolo haimo. Lakini imo filamu nyingine ya Rossellini huyo huyo, ya mwaka ule ule wa 1950, juu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi na ndugu zake. Mtu aliyeitwa mkufuru kwa kazi moja aliheshimiwa kwa nyingine mbili. Hatujaona mfano ulio wazi zaidi wa kutuonya tusimhukumu mtu kwa kazi moja.

Sasa turudi nyumbani. Wazee wetu wa Kongo walitazama sinema uwanjani mwa misioni, mbele ya kitambaa cheupe. Wengine, hasa upande wa Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo, walicheka na Matamata na Pilipili, michezo iliyopigwa picha na Padre Albert Van Haelst. Siku zile padre alichagua filamu, na watu wote waliitazama pamoja. Leo filamu imo mfukoni, ndani ya simu ya mtoto, wala hakuna padre wala mhakiki anayesimama mlangoni. Kila baba na kila mama amekuwa mlinzi wa mlango, apende asipende.

Tunashauri jambo moja dogo. Mwisho wa mwaka, jamaa wakiwa wamekusanyika baada ya kula, wafanye kura yao. Kila mtu, tangu babu hata mtoto wa shule, ataje filamu moja iliyomkaa moyoni mwaka ule, na aeleze sababu. Wamwulize maswali mawili tu, yale ya mizani miwili ya New York: Je, ilifanywa vizuri? Na wewe, ulipotoka pale, ulikuwa mtu mwema zaidi au la? Mtu akishindwa kujibu swali la kwanza, asaidiwe kutazama vizuri. Akishindwa kujibu la pili, asichekwe, wala asipigwe, aachwe afikiri. Na wazazi nao wataje filamu zao bila kuficha, maana mtoto hujifunza kuhukumu kwa haki anapomsikia baba yake akikiri kwamba alidanganywa na tangazo.

Hivyo twaweza sasa kumjibu yule mwanafunzi wetu. Ni nani aliyesema kwamba filamu hii ni bora? Ni watu wenye macho yaliyozoea, waliopiga kura, ambao mara nyingine walibishana na mara nyingine walikosea. Wasikilize kama unavyomsikiliza shahidi mwaminifu. Lakini shahidi si hakimu. Kiti cha hakimu kimewekwa ndani ya dhamiri yako, nayo yataka kufundishwa kila siku.